Kwa Mnunuzi, Kuhusu Ua

Funguo za ghala nimeziacha juu ya jiko, Rasmus.
Bomba hulia usiku; utalizoea.
Nililotaka kukueleza hasa ni habari ya ua.

Hii ni misprusi, si misonobari.
Wewe mtoto wa Tallinn, usione haya kutojua.
Chuma sindano moja, izungushe vidoleni:
ina pembe nne, inakwamakwama.
Tena kila moja imekaa peke yake tawini.
Za msonobari hutoka mbili mbili,
kama watu waendao harusini.

Arvi aliileta toka msituni ndani ya gunia la viazi,
miche arobaini na mitatu,
kila mmoja urefu wa mwiko.
Akavuta kamba, akapima kwa hatua zake,
na hatua zake, utaona, hazikuwa sawa.

Mizizi yake haichimbi. Hutandaa
kama mkeka chini kidogo ya nyasi.
Basi usilime karibu, usiegeshe gari pale,
na Oktoba, kabla ardhi haijaganda,
unyweshe maji hata kama mvua imenyesha.
Majirani watakucheka. Waache.
Mti huu hufa kwa kiu Machi, katikati ya theluji,
jua likiwaka juu
na mizizi ikiwa bado imelala.

Theluji nzito ikiulemea, chukua ufagio,
pandisha kutoka chini, taratibu,
kama umpangusaye mtoto makombo kidevuni.
Ikiwa barafu, usiiguse.
Barafu ingoje iondoke yenyewe.

Juni utaona kwenye ncha vinanasi vidogo vya kijani.
(Nanasi mimi nalijua la kopo, lakini ndivyo vilivyo.)
Usifurahi. Ni nyumba za vidukari.
Vikate kabla havijafunguka, uvitie motoni.
Mimi niliwahi kuvisahau mfukoni mwa aproni;
vikaanguliwa ibadani, Jumapili,
nikaimba zaburi huku natambaliwa kiganjani.

Kupogoa ni Agosti.
Juu pawe pembamba, chini papana,
mwanga ufike miguuni.
Kata kijani tu.
Ukifika kwenye kahawia, simama, rudisha mkono.
Mbetula ukiukata huchipua hata kwenye kisiki.
Huu ukiufikisha mfupa, unabaki mfupa.

Ndiyo maana kuna pengo.
Umeshaliona, ulipima dirisha ukalitazama
ukanyamaza kwa adabu.
Upande wa barabara, upana wa mabega.
Ni Arvi huyo, mwaka ule
macho yalipoanza kumwingia ukungu.
Hakusema. Alitoka na mkasi asubuhi,
akarudi, akanawa mikono muda mrefu mno.
Nilimgombeza wiki nzima kwa ajili ya matawi.
Matawi!

Halafu majira ya baridi yakaja,
na kupitia pale, nikiosha vyombo,
nikaanza kumwona akirudi kutoka dukani:
kofia kwanza,
kisha mfuko wa mkate,
kisha ile fimbo aliyokataa kuiita fimbo.
Nikawa najua lini niweke kahawa motoni.
Miaka kumi na mmoja hivyo.
Gari la hospitali nalo
nililiona kabla halijakata kona.

Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Nimeusema mwenyewe msemo huo, kwa watoto, kwa hasira.
Lakini ua si ukuta, Rasmus,
na nyumba sasa ni yako,
na binti yangu ananiambia nisikuchoshe.
Watakuja na bei ya mbao, watakuja na mithuja.
Fanya utakavyo.
Kama utapanda kitu pale, kipande Septemba,
wala usiizike shingo ya mche.

Mkasi umo ghalani, nyuma ya mlango.
Mpini wa kushoto nimeufunga uzi mwekundu.
Ndio unaolegea.